Mashine ya Majani ya Mkurugenzi

"Sikilizeni hii, na mwenye kahawa mdomoni ameze kwanza," alisema Gwamaka, akalikung'uta gazeti la juzi lililokuwa limeloa pembeni. "Mashine za kukata majani zamiminika nchini!"

Kijiwe kizima kikamgeukia. Kijiwe chenyewe kilikuwa kibaraza cha duka la ushirika la Msasani, hapo Tukuyu mjini, duka lililofungwa siku zile soko huria lilipoanza na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuuza anachotaka. Bidhaa ziliondoka, kibaraza kikabaki, na Husseni muuza kahawa akakirithi pamoja na mabenchi yake mawili. Mbele yake palikuwa na kiuwanja cha ukoka kilichoota mpaka magotini, maana ushirika haukuwepo tena wa kukifyeka, na soko huria nalo lilikuwa bado halijakiona.

"Rudia hapo, Redio," alisema Atupele. Gwamaka walimwita Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Atupele mwenyewe alikuwa mchumaji chai, na jina lake la kijiweni lilikuwa Kilo Themanini, maana ndizo alizodai kuchuma kwa siku moja, mwaka ambao kwa bahati mbaya hapakuwa na shahidi.

"Mashine za kukata majani. Dubai, Japani, kote huko. Zinashuka bandarini kama mvua. Hakuna kibali, hakuna foleni. Ruksa!"

"Basi tumekwisha," Atupele akashika kichwa. "Wachumaji wa Rungwe nzima tumekwisha. Inakata kilo ngapi kwa siku?"

"Haijaandikwa. Lakini fikiria mwenyewe, dada. Mashine haili makande, haiugui mgongo, haiendi msibani."

"Haiendi msibani?" alidakia Amoni, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli pembeni. "Basi hapa Unyakyusa haimalizi wiki. Watu wataisusa."

Amoni walimwita Spana. Alitengeneza baiskeli, cherehani, pampu za maji na, kwa maneno yake mwenyewe, ndoa mbili. Kijiwe kikacheka, Atupele hakucheka, na pale mwisho wa benchi mtu mmoja alikuwa akitabasamu peke yake.

Huyo alikuwa Ambilikile. Alikuwa na nusu eka ya chai kule Kyimo na aliiita kampuni. Alivaa koti la mtumba lenye mifuko minne, kila mfuko na kalamu yake, na kijiwe hakikuwa na njia nyingine ila kumwita Mkurugenzi. Asubuhi hiyo alikuja akisukuma toroli lililofunikwa turubai, akaliegesha karibu naye, akaweka mkono juu yake na kukaa kimya kwa karibu saa nzima. Kwa Ambilikile kukaa kimya saa nzima ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Habari ya gazeti ilipokuja aliona kabisa kwamba Mungu anampenda.

"Ndugu wananchi," alisema, akainuka. "Redio anawasomea habari. Mimi nawaonyesha habari."

Akalivuta turubai.

Ndani ya toroli palikuwa na mashine nyekundu, inang'aa, magurudumu manne madogo, mpini mrefu, na nyuma mfuko mkubwa mweusi wa kukusanyia. Gwamaka akaacha gazeti likaanguka. Husseni akaja na birika mkononi.

"Mashine ya kukata majani," alisema Ambilikile, sauti imemjaa raha. "Ya kwanza Tukuyu. Pengine ya kwanza Mbeya nzima. Imetoka Dubai hadi dukani kwa Mansuri, na kwa Mansuri hadi kwangu, leo alfajiri. Kilo Themanini, usilie. Nitakuajiri uwe unaisukuma."

Wakaishusha chini. Atupele akaizunguka mara moja, akaizunguka mara ya pili, kisha akasimama ameshika kiuno.

"Mkurugenzi, kisu kiko wapi?"

"Chini. Tumboni huko."

"Tumboni." Akainama, akachungulia. "Na chai yako ya Kyimo inafika wapi?"

"Kiunoni. Nimeipunguza vizuri mwaka jana."

"Chai iko kiunoni, kisu kiko kwenye kifundo cha mguu. Sasa hii mashine inapita juu ya chai au chini ya chai?"

Ambilikile naye akainama, akachungulia.

"Labda ataijengea reli," alisema Gwamaka. "Reli ya angani! Kutoka Kyimo mpaka kiwandani!"

"Au ailaze chai usingizi kwanza," alisema Amoni. "Ikishalala chini, anaipitia taratibu isishtuke."

"Imekuja na kitabu," alisema Ambilikile kwa haraka, akakitoa kwenye mfuko wa koti. "Mambo yote yameelezwa humo. Redio, wewe umesoma, tusomee."

Gwamaka akakichukua, akakigeuza huku na huku, akatulia kwenye picha. "Hapa kuna mzungu amevaa kaptura, anasukuma mashine hii hii. Nyuma kuna nyumba. Kuna mbwa. Kuna mama ameshika juisi. Chini kuna nyasi, fupi, kama zimenyolewa na kinyozi. Chai hakuna. Hata ya kunywa hakuna."

Amoni akaweka chini baiskeli ya watu, akafuta mikono, akaja kuipigia mashine magoti kama daktari. "Mzee, pole. Hii ni ya nyasi. Ni ya kukatia ukoka kwenye uwanja wa nyumba, kwa watu wenye nafasi."

"Lakini nilimwambia mashine ya majani!" alilia Ambilikile. "Nikasema mara mbili! Majani!"

Wote wakaelewa, na hapo ndipo kicheko kilipowashinda. Tukuyu nzima ukisema majani umesema chai. Gari la majani, mizani ya majani, bei ya majani, mtoto hakwenda shule kwa sababu alikuwa kwenye majani. Nyasi ni nyasi tu, kazi yake kuliwa na ng'ombe. Lakini Mansuri mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikulia Korogwe, na kwa mtu wa Korogwe majani ni majani yoyote yale, mradi yawe ya kijani.

"Haya, si hasara," alisema Husseni, akijifuta machozi ya kicheko. "Utaikatia nyasi za uwanjani kwako."

"Nyasi gani? Mke wangu, mama Vaileth, anafagia uwanja mpaka udongo unateleza. Jani likichomoza asubuhi, mchana limeng'olewa na limesahauliwa."

"Kwa hiyo una mashine ya kunyolea na huna nywele."

"Na Mansuri ulimpa nini?" aliuliza Atupele.

Ambilikile akaangalia viatu vyake. "Ruksa."

"Ulimpa ruksa ya nini?"

"Ruksa."

"Mkurugenzi, tunakuuliza ulimpa nini, unatuambia umempa ruksa. Ruksa gani?"

"Ng'ombe! Ruksa ng'ombe! Ruksa mwenyewe, mwenye pembe!"

Husseni akamimina kahawa nje ya kikombe, juu ya kiatu cha Gwamaka, na Gwamaka hakusikia moto. Ruksa alikuwa akitoa lita nane kwa siku, na jina hilo alilipata kwa sababu hapakuwa na uzio wala bustani ya mtu aliyoiheshimu. Lakini hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba Ruksa hakuwa ng'ombe wa Ambilikile. Alikuwa wa mkewe, Tupokigwe, aliyepewa na baba yake mzazi kwa mkono wake kabla hajafa. Na Tupokigwe alikuwa Kisiba kwenye msiba, siku ya nne sasa, na leo saa saba mchana angeshuka kwenye gari pale pale Msasani.

"Nilitaka arudi akute maendeleo," alisema Ambilikile kwa sauti ndogo.

"Atakuta," alisema Amoni.

Ambilikile alimwogopa mkewe kuliko alivyoogopa radi, na Tukuyu radi inajulikana. Si kwamba Tupokigwe aligomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Tupokigwe alikuwa mtu wa kuuliza maswali mafupi kwa upole, na ulipomaliza kumjibu ulikuta umejihukumu mwenyewe.

Kwa kelele zile Mansuri akavuka barabara, kofia kichwani, tasbihi mkononi, anacheka kabla hajaambiwa.

"Mansuri, ndugu yangu," Ambilikile akamwahi, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Tumekosana kwenye neno. Neno moja tu. Nirudishie ng'ombe."

"Mimi nilikuuliza, mzee wangu. Mashine ya majani? Ukasema ndiyo, ya majani. Nikajua umeamua kuishi kizungu."

"Mimi? Kizungu?"

"Kwa lile koti, nikaona inawezekana." Mansuri akaguna. "Sikiliza. Huyo ng'ombe wako mwenyewe amenichosha. Toka alfajiri amekula maua yote ya mke wangu Yusra, amemaliza waridi, sasa yuko kwenye mchaichai. Yusra ameniambia nichague mmoja abaki pale nyumbani, mimi au ng'ombe. Nakwenda kuswali. Nikitoka nikute mashine mlangoni kwangu kama ilivyotoka, bila mchubuko, umchukue Ruksa wako uende naye. Bila mchubuko, tumeelewana?"

"Ndaga fijo!" alishukuru Ambilikile kwa Kinyakyusa, karibu apige magoti. "Ndaga, ndugu yangu. Mungu akubariki na duka lako."

Mansuri na Husseni wakaondoka pamoja kwenda msikitini, birika likabaki mikononi mwa Atupele. Ambilikile akashusha pumzi ndefu. Akaanza kulikunjua turubai kuifunika mashine yake, polepole, na kila mtu akaona anavyoifunika kwa huruma.

"Kwa hiyo inaondoka," alisema Gwamaka.

"Inaondoka."

"Bila hata kunguruma."

"Redio, usinianze."

"Sijasema kitu. Nasema tu, mtu anaweza kufika uzee wake Tukuyu hii bila kusikia mashine ya ukoka ikinguruma. Na hapo mbele kuna ukoka umekaa tu unangoja."

Ambilikile akauangalia ukoka. Ulikuwa mzuri kwa kweli, mrefu, mzito, unainama na upepo.

"Spana," alisema taratibu, "wewe ni fundi. Kama mtu angekuwa na uwanja. Sisemi mimi. Mtu tu. Mashine kama hii ingemfaa?"

Amoni hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Akakalia tairi la baiskeli. "Kifaa unachagua kwa uwanja, huchagui kwa kumkomoa jirani. Una kiuwanja cha hatua kumi, nunua fyekeo na mkasi wa kukatia ua, inatosha. Una uwanja wa kadiri, tambarare, chukua ile ya kusukuma kwa mkono, ina visu vinazunguka vyenyewe, haili mafuta. Una uwanja mkubwa kama wa misheni, hapo injini kama hii."

"Na mwenye uwanja wa mteremko?"

"Mbuzi."

"Na mahali penye mvua kila siku?"

"Bata. Nyasi mbichi zikiloa zinaganda tumboni kwa mashine, inakohoa inazima. Unakata zikikauka."

"Tukuyu zinakauka lini?" aliuliza Atupele.

Amoni akafikiri. "Kuna Jumanne moja mwezi wa kumi."

"Na utunzaji wake?" Ambilikile aliuliza, na sasa hakuwa akimuuliza kwa niaba ya mtu. Alikuwa amesogea mpaka magoti yao yanagusana.

"Unapima oili kabla ya kuwasha, kila siku, usiamini ya jana. Petroli usiilaze humo mwezi mzima, itaoza na kabureta itakususia. Chujio la hewa unalikung'uta. Ukimaliza kukata unalaza mashine ubavu, unalikwangua tumbo lote, majani yakikaukia humo yanakula bati. Kisu unanoa pande zote mbili sawasawa, ukinoa moja tu itacheza ngoma. Na ukitaka kutia mkono chini, chomoa kwanza waya wa plagi, vidole haviuzwi kwa Mansuri. Lakini cha kwanza kabisa, kabla ya yote, unatembea uwanja mzima unaokota mawe."

"Mawe ya Rungwe hayaokoteki," alisema Gwamaka. "Yanazaliana. Ukiokota leo, kesho yana wajukuu."

"Ukoka huu tunaukalia kila siku kwa makalio yetu," alisema Atupele. "Kungekuwa na jiwe tungelijua."

Ambilikile akatazama barabara ya msikitini. Akatazama barabara ya Kisiba. Zote zilikuwa tupu. Na jua lilikuwa limetoka tangu asubuhi, na nyasi zilikuwa zimekauka, jambo ambalo Tukuyu mtu anaweza kuliita muujiza.

"Mstari mmoja," alisema. "Mmoja tu, tuisikie sauti."

Amoni alikuwa na petroli kidogo kwenye chupa. Oili akaipima, akaitikia kwa kichwa. Kamba ya kuwashia ikavutwa na Gwamaka, ikagoma. Ikavutwa na Amoni, ikakohoa. Atupele akawasukuma wote pembeni, akaivuta kama anang'oa muhogo, na mashine ikanguruma mpaka kuku wa mtaa wa pili wakaruka.

"Ndiyo!" walipiga kelele wote kwa pamoja.

Ambilikile akashika mpini, akatia mguu mbele. Nyuma yake ukabaki mkanda wa kijani, mfupi, sawasawa, umenyooka. Aligeuka kuuangalia, akacheka kwa furaha. Miaka hamsini na mbili alikuwa ameishi akiinamia nyasi na nyengo ya kufyekea mkononi, na leo nyasi zilikuwa zinamwinamia yeye.

"Mstari mmoja umekwisha, Mkurugenzi!" Amoni akapaza sauti.

"Huu ni wa kwendea! Na wa kurudia je?"

Akarudi. Akaenda tena. Gwamaka alikuwa akitembea nyuma yake anatangaza kama mpira, "Anachukua Ambilikile, anapita winga ya kushoto, anamwacha beki wa ukoka, hatari, hatari!" Atupele alikuwa akipiga vigelegele na birika juu. Mfuko ukajaa, harufu ya nyasi mbichi ikatanda barabarani, wapita njia wakasimama. Ambilikile akaanza kukimbia. Koti lilipepea, kalamu zikaanguka moja moja, na hakuiokota hata moja.

Ndipo mashine ikasema KANG.

Ikaruka, ikatikisika, ikazima. Amoni akachomoa waya wa plagi, akailaza ubavu. Kisu kilikuwa kimepinda ncha kama kijiko cha mtoto. Atupele akapekua nyasi pale pale, akainua kitu kizito, kimeota kutu, kimeandikwa tano.

"Jiwe la mizani," alisema. "La kilo tano. La duka la ushirika."

"Lile lililopotea?" Gwamaka akaondoa kofia. "Lile tulilosema meneja kaiba? Tulimwita mwizi miaka sita, jamani! Mpaka akahama!"

"Hatukuwa na jiwe tunalolijua," alisema Amoni kwa uchungu. "Tulikuwa na jiwe tunalolikalia."

Wakati huo Mansuri na Husseni walikuwa wamesimama ukingoni mwa barabara, wametoka msikitini. Mansuri akaangalia ukoka, akaangalia mashine iliyolala ubavu, akaangalia kisu. Alikuwa mtu mwema na alionekana kusikitika kweli.

"Bila mchubuko, mzee wangu," alisema. "Ndivyo tulivyosema." Akavuka kwenda dukani kwake, na kutoka uani kwake Ruksa alisikika akilia, maana saa ya kukamuliwa ilikuwa imempita.

Ambilikile akakaa chini kwenye ukoka alioukata mwenyewe. Alitamani mvua inyeshe. Alitamani hata radi.

"Mkurugenzi," alinong'ona Gwamaka. "Anakuja."

Tupokigwe alikuwa anavuka barabara kutoka walikoshukia abiria, khanga kiunoni, mkungu wa ndizi kichwani. Ghafla Amoni akakumbuka baiskeli ya watu. Gwamaka akakumbuka kwamba gazeti halijasomwa ukurasa wa ndani, akalifungua usoni. Husseni akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Hamjambo hapo?" alisema Tupokigwe, akashusha mkungu.

"Hatujambo, mama Vaileth. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Baba Vaileth, umekaa chini?"

"Napumzika kidogo, mama Vaileth."

"Na hii nyekundu ni nini?"

"Mashine."

"Ya nini?"

"Ya kukata majani." Akajisahihisha. "Nyasi. Ya kukata nyasi."

"Inakata kweli?"

"Inakata." Akaonyesha kiuwanja kwa kidole. "Hapo ni mimi nimekata."

Tupokigwe akauangalia uwanja wote kwa makini, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Umekata vizuri. Pamenyooka. Na zikishakatwa zinakwenda wapi?"

"Humu, kwenye mfuko."

Akainama, akauchomoa mfuko, akatia mkono ndani, akatoa konzi ya nyasi, akainusa. Uso wake ukalainika. "Angalieni. Zimekatwa ndogo ndogo, laini. Mimi nimebeba nyasi kichwani miaka ishirini kumbe kuna kitu kama hiki. Hizi hata kutafuna hakuna kazi."

Kijiwe kikaanza kupumua. Gwamaka akashusha gazeti hadi puani. Amoni akatabasamu. Ambilikile mwenyewe akahisi moyo unarudi mahali pake, akathubutu kuinua macho.

"Unazipenda, mama Vaileth?"

"Ruksa angezipenda sana," alisema Tupokigwe.

Ambilikile aliisikia ile *nge*. Wote waliisikia. Gari la Kisiba hushusha abiria mbele ya duka la Mansuri, na ua wa Mansuri ni wa matete matupu, aliyemo ndani anaonekana. Gazeti likapanda tena, na Amoni akaondoka na baiskeli ya watu ingawa gurudumu la mbele lilikuwa bado liko chini.

Tupokigwe akaubeba mfuko kwa mikono miwili, akamsogelea mumewe, akaumwaga wote mapajani kwake, juu ya koti, juu ya mifuko minne isiyo na kalamu. Akampangia nyasi vizuri zisidondoke. Kisha akajitwisha mkungu wake.

"Kula, baba Vaileth," alisema kwa upole. "Kula ushibe. Jioni nakuja na ndoo."